Mwito, Mbiu na Hodi: Istilahi za Kanuni za Redio za Ridhaa Zipelekazo Maandishi

Makala haya yanahusu istilahi za fani ambayo wafasiri wetu wengi hawajapata kuigusa. Fani yenyewe ni redio za ridhaa, na hasa zile namna za utumaji ambazo kituo kimoja hukiita kingine kwa jina lake na kukipelekea maandishi badala ya sauti. Mwandishi hakuichagua mada hii kwa kupenda mambo mageni. Aliombwa kufasiri karatasi ya kanuni, kurasa nne tu, kwa ajili ya darasa la jioni la vijana mjini Mpanda. Alidhani ni kazi ya siku mbili. Ikamchukua wiki tano, na sehemu kubwa ya muda huo haikupotea katika maneno magumu ya umeme, ambayo aghalabu yana kamusi zake, bali katika maneno mepesi: kuita, kusikia, kupokea, kujibu, na saa.

Kwanza yafaa kusema kwa nini Mpanda. Mji huu ulifikiwa na reli mwaka 1950, kwa tawi litokalo Kaliua ambalo lilijengwa kwa sababu ya mgodi wa risasi. Mwaka 2012 mji ukawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Katavi, uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Kutoka hapo hadi Dar es Salaam ni kilomita 900 hivi kwa mstari ulionyooka, na kwa barabara au reli ni mbali zaidi. Ndani ya mkoa pana Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974. Pana Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Pana Katumba na Mishamo, makazi waliyopewa Warundi waliokimbia nchi yao baada ya mauaji ya mwaka 1972. Katika nchi pana namna hii, ofisi, misheni na hospitali za mbali zilitegemea kwa miaka mingi kile ambacho wazee walikiita simu ya upepo. Jina hilo ni zuri na limeanza kusahauliwa. Watu walikuwa na simu ya waya, halafu wakaona simu isiyo na waya, wakasema huu ni upepo. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga.

Siku hizi minara ya simu za mkononi imefika sehemu nyingi, wala si nia ya makala haya kudai kwamba simu ya upepo itarudi. Hata hivyo, mnara ukikosa umeme au mafuriko yakikata njia, redio ya mawimbi mafupi yenye betri moja na waya uliofungwa juu ya mwembe huendelea kufanya kazi. Kwa sababu hiyo wako watu wanaojifunza, na kwa sababu hiyo zahitajika kanuni zinazosomeka kwa Kiswahili. Tena, tangu Bunge lirekebishe Sheria ya Tafsiri ya Sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, mtumishi wa serikali hawezi tena kuyakwepa maneno haya kwa kusema yatabaki katika lugha ya kigeni.

Tuanze na jina la fani. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano zinamweleza mtu wa fani hii kuwa ni mtu aliyeidhinishwa ipasavyo, apendaye ufundi wa redio kwa ajili ya nafsi yake tu, asiyetafuta faida ya fedha. Mwandishi amekutana na tafsiri tatu. Ya kwanza ni "redio za wapenzi", ambayo darasani ilileta kicheko, na kicheko hicho kilitosha kuihukumu. Ya pili ni "redio za wanagenzi". Hii ina kosa la kweli, kwa maana mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi na bado hajaijua, ilhali wengi wa watu hawa ni mafundi hodari kuliko wanaolipwa. Ya tatu ni "redio za ridhaa", na hii tunaiunga mkono. Wanamichezo wetu wamekwisha kutufanyia kazi: ndondi za ridhaa ni ndondi za mtu asiyepigana kwa malipo, na kila msikilizaji wa redio anajua hivyo.

Tatizo lake ni moja. Ridhaa pia ni kukubali, na sheria imejaa kukubali. Mfasiri akiandika "kituo cha redio ya ridhaa hakitatumiwa pasipo ridhaa ya Mamlaka", amelifunga neno moja katika kazi mbili ndani ya sentensi moja, na wakili mjanja ataona mwanya. Dawa si kuliacha neno. Dawa ni kuweka "idhini" kila mahali panapohusu ruhusa ya Mamlaka ya Mawasiliano, yaani ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 badala ya Tume iliyoitangulia, na kuiacha "ridhaa" ifanye kazi yake ya michezo.

Mwito na mbiu

Sasa tuingie katika kiini cha karatasi. Katika redio ya sauti, kila aliyefungua chombo kwenye masafa yale husikia kila kitu. Katika namna zinazozungumzwa hapa, mashine hukaa kimya ikingoja jina lake. Maandishi ya watu wengine yaweza kupita mbele yake siku nzima bila yeye kuinua kichwa. Likitajwa jina lake, huamka, huandika, na pengine hujibu. Wazo hili si jipya. Watumishi wa umri mkubwa watakumbuka teleksi: mtumaji aliweza kuiuliza mashine ya upande wa pili "nani wewe?", nayo ikajibu jina lake bila mtu kuwapo chumbani. Meli za baharini zilipata namna kama hiyo kwa redio, meli ikiitwa kwa namba ya tarakimu tano na kituo cha pwani kwa tarakimu nne. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza Peter Martinez aliichukua ile ya meli akaifanyia marekebisho kwa ajili ya watu wa ridhaa. Namba zikaachwa, pakawekwa herufi nne zilizofupishwa kutoka jina la mwito la mhusika. Mashine ilipeleka herufi tatu, ikanyamaza, ikangoja mwenzake aseme zimefika, zisipofika, ikazirudia. Kila herufi iliundwa kwa alama saba, nne za aina moja na tatu za aina nyingine, kwa hiyo hesabu hiyo ikivurugika mpokeaji alijua mara moja kwamba kuna kosa.

Kuna waliopendekeza "mwito teule". Wamefuata mfano wa kamati teule ya Bunge, na mfano ni mzuri. Lakini kamati teule ni kamati iliyoteuliwa, na katika jambo letu kinachoteuliwa ni yule anayeitwa. Mwito wenyewe haukuteuliwa na yeyote. Darasani vijana walipoulizwa "mwito teule" ni nini, watatu walijibu kuwa ni mwito bora kuliko mingine. Kwa hiyo tumependelea "mwito wa jina". Anayeita ni mwitaji, anayeitwa ni mwitwa. Kiswahili chatupa jozi hiyo bure, tena bila neno la ziada.

Palipo na mwito wa jina pana pia mwito usio na jina, unaowaelekea wote wanaosikia. Wapiga mosi wa kale waliupa herufi mbili, CQ, nazo zingali zikitumiwa duniani kote wala hazihitaji kufasiriwa, kama vile hatufasiri namba ya gari. Lakini kitendo chenyewe kinahitaji jina la Kiswahili, na hapa tunalo neno lililokuwa likingoja: mbiu. Mbiu hupigwa kwa kila mtu na haimwiti fulani bin fulani. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, nao walio mbali na walio karibu hutega masikio kwa pamoja. Hivyo kanuni ya kwanza ya karatasi ile, ambayo katika lugha yake ya asili ilikuwa na mistari minne, kwa Kiswahili imekuwa mstari mmoja: "Unayemjua umwite kwa jina; usipige mbiu kwa ajili ya mtu mmoja." Kati ya hizo mbili uko mwito wa kundi, ambao katika baadhi ya programu hutanguliwa na alama ya @. Huo hauna taabu.

Neno "kituo" tumelitumia badala ya "stesheni". Mpanda stesheni ni mahali pa treni, na mwanafunzi akiambiwa afunge stesheni saa mbili atakucheka.

Kuhusu majina yenyewe, kila nchi ina viambishi vyake. Tanganyika ya kikoloni ilitumia VQ3 na Zanzibar VQ1. Sasa Tanzania hutumia 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Burundi 9U, na Kongo 9Q. Hili si jina la mtu wala la mahali, na wako wapendao "alama ya mwito" au "ishara ya mwito". Tumeshika "jina la mwito" kwa kuwa kanuni inamtaka mtumaji ajitaje kila baada ya muda mfupi, na kujitaja ni kutaja jina. Zipo namna nyingine, zilizotokana na mitambo ya kijeshi ya Marekani ya miaka ya 1980, ambazo hukubali anwani ya herufi tatu hadi kumi na tano, na huikata katika vipande vya herufi tatutatu. Mpanda huwa MPA NDA, Karema huwa KAR EMA, sawasawa kabisa bila salio. Sitalike hupungukiwa na herufi moja, ikabidi ijazwe alama: SIT ALI KE@. Vijana walilipenda zoezi hili kuliko mengine yote. Mwandishi anakiri kwamba naye alikaa usiku akikata majina ya vijiji. Katika namna hiyo kuna vipande vya utangulizi vinavyosema kwa nani, huyu ni nani, na kisha, mazungumzo yakiisha, "huyu alikuwa nani". Wakati uliopita hapo ndio unaofunga mlango. Mfasiri mmoja aliyasahihisha yote kuwa "huyu ni", akidhani ni kosa la uchapaji. Kwa kufanya hivyo aliondoa tofauti kati ya kituo kinachobaki kusikiliza na kituo kinachoaga.

Kusikiliza pasipo kusikia

Kanuni ya pili husema: sikiliza kabla hujatuma. Ni adabu ileile ya barazani, kwamba mtu asiingie maneno wenzake wakiwa katikati ya hoja. Ila hapa ipo shida. Programu iitwayo JS8Call, iliyotolewa mwaka 2018 na kutumiwa sasa kwa kazi hii, huweza kusoma maandishi yaliyo desibeli 20 na zaidi chini ya kelele za redio. Maana yake ni kwamba sikio la mwanadamu litaambiwa pametulia, kumbe wapo watu wawili wanazungumza. Mwanafunzi aliyeshika neno "sikiliza" kama lilivyo ataweka spika sikioni, asikie vumi tupu, kisha atume na kuwavuruga.

Kwa hiyo tumeandika "chunguza masafa kabla hujatuma", na katika maelezo tumesema kuchunguza ni kutazama kioo na kungoja mizunguko kadhaa ya mashine. Kioo hicho huonyesha ishara zikiteremka kama maji, na wageni wamekiita kwa jina la poromoko la maji. Tumeandika "maporomoko" na kuliacha hivyo, ingawa mtu wa Kalambo aweza kuona tumeyavunjia heshima.

"Masafa" nalo ni neno la kuangaliwa. Watangazaji wamelizoeza kuwa idadi ya mitetemo, na hatuna sababu ya kupigana nao. Lakini bado ni umbali kwa mkimbiaji wa masafa marefu na kwa msafiri. Sentensi "ongeza masafa hadi upate mwenzako" yaweza kumfanya mtu azungushe kitufe au apande baiskeli. Palipokuwa na umbali tumeandika umbali. Pia ripoti ya nguvu ya ishara katika namna hizi huwa mara nyingi na alama ya kutoa: hasi 12, hasi 18. Vijana walidhani hasi ni kufeli. Ilibidi kuongeza maelezo kwamba hasi 18 ni ishara iliyo chini ya kelele lakini imesomeka, na kwamba hakuna aibu ndani yake.

Baadhi ya programu hupeleka kila baada ya muda alama fupi kueleza kwamba kituo kipo hewani, nazo mashine za wengine huijibu kwa kueleza zimeisikia kwa kiasi gani. Wenye programu wameiita mapigo ya moyo. Neno kwa neno, tafsiri hiyo inakubalika. Lakini moyo hupiga bila kungoja jibu, na alama hii yangoja jibu. Mtu afikaye mlangoni pa mwenzake asiyejua kama yumo hufanya nini? Hupiga hodi. Basi tumeiita hodi. Faida yake ni kwamba adabu imo ndani ya neno na haihitaji kifungu: kila mtoto wa Kiswahili anajua kwamba hodi hupigwa mlangoni na si katikati ya sebule, na kwamba mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe huondoka. Hayo ndiyo hasa kanuni inayoyataka: hodi zipigwe katika sehemu ya bendi iliyotengwa kwa hodi, wala mashine isiachwe ikipiga hodi mchana kutwa mwenyewe akiwa shambani.

Stakabadhi si jibu

Tumefika mahali ambapo neno baya laweza kuleta hasara. Mashine ikipokea ujumbe uliotumwa kwa jina lake, huweza kurudisha yenyewe alama ya kueleza kwamba ujumbe umefika mzima. Katika rasimu ya kwanza mwandishi aliitafsiri "nimepokea". Hakuona ubaya. Siku ya zoezi, kijana mmoja aliyekuwa upande wa ziwani alituma ujumbe wa mfano kuomba gari la kuchukua mgonjwa. Baada ya dakika mbili kioo chake kikamwandikia: nimepokea. Akazima redio ili kuokoa betri, akaenda kula. Mjini hapakuwa na mtu mezani. Aliyepangiwa zamu alikuwa ametoka kununua vocha. Ujumbe ulisomwa kesho yake asubuhi. Lilikuwa zoezi tu, na mgonjwa alikuwa wa karatasi. Lakini kijana alipoulizwa kwa nini hakungoja, alijibu kwa haki kabisa: "Mwalimu, wamesema wamepokea." Kosa lilikuwa la mfasiri.

"Nimepokea" ina nafsi ndani yake. Anayesema "ni-" ni mtu, na mtu aliyepokea ombi la gari huchukuliwa kuwa amelishughulikia. Mashine haina nafsi hiyo. Watu wa redio za sauti wamekuwa na shida iyo hiyo kwa muda mrefu: neno "roja" maana yake ni kwamba maneno yamefika, basi, lakini katika ofisi nyingi "roja" limegeuka kuwa "sawa, nitafanya". Afisa hutoa agizo, wa upande wa pili hujibu roja, na wiki mbili baadaye hulaumiana.

Kwa hiyo tumegawa mambo matatu yaliyokuwa yamelala kitanda kimoja. Alama itolewayo na mashine tumeiita stakabadhi. Karani anaelewa upesi: stakabadhi ya posta huthibitisha kwamba kifurushi kimekabidhiwa, haisemi kwamba kimefunguliwa. Kwenye kioo, badala ya "nimepokea", tumependekeza "imefika", ambapo kiima ni barua na hakuna mtu anayejisemea. Mtu akisoma, huandika "nimesoma". Akikubali kutenda, huandika "nitatenda", na hapo ndipo mwitaji awezapo kuzima redio yake. Kanuni ya tano katika karatasi imeandikwa hivi: "Stakabadhi si jibu. Kwa jambo la dharura usiondoke mpaka mtu amekuandikia nitatenda." Asili yake ya kigeni haikuwa na kifungu hiki, na yawezekana waliokiandika hawakukihitaji. Mwandishi amekiongeza kwa idhini ya darasa, na anaona mfasiri wa kanuni ana wajibu wa namna hiyo pale ambapo lugha yake inafungua shimo lisilokuwapo katika lugha ya asili.

Tukipita haraka: ujumbe ukishindwa kufika moja kwa moja, mathalani kutoka Karema hadi Tabora, kituo cha katikati huweza kuupitisha. Tumekopa kwa wanariadha na kuandika "kupokezana", kama mbio za kupokezana vijiti. Kila apokezaye huongeza jina lake kwenye safari ya ujumbe, wala haruhusiwi kubadili neno, hata likiwa limekosewa herufi.

Saa za nani?

Daftari la kituo cha ridhaa huandikwa kwa saa sanifu ya dunia, ile ifupishwayo UTC. Zaidi ya hayo JS8Call hutuma kwa vipindi vya sekunde 15 katika mwendo wake wa kawaida, na saa ya mashine ikipotea kwa sekunde chache tu, hakuna atakayeisoma. Hilo la sekunde ni la ufundi. Palipo na setilaiti za kuongozea njia, mashine hujirekebisha. La lugha ni la masaa, na ni zito kuliko linavyoonekana.

Saa za Afrika Mashariki zimetangulia UTC kwa saa tatu. Saa za Kiswahili, kwa upande wake, huhesabiwa toka mapambazuko na toka machweo, yaani zimepishana na saa za kizungu kwa sita. Saa moja asubuhi ni saa 7:00 kwa saa ya ofisi, na ni 04:00 kwa UTC. Kwa bahati hesabu ni nyepesi: saa ya Kiswahili ya mchana ongeza tatu, ya usiku ongeza kumi na tano, na ukizidi ishirini na nne toa ishirini na nne. Saa mbili usiku basi ni 17:00, na saa kumi alfajiri ni 01:00. Mwalimu akilifundisha hivyo, halichukui dakika kumi.

Taabu iko kwenye siku. Kwa hesabu ya wazee siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kalenda ya ofisi siku hugeuka saa sita usiku. Kwa UTC siku hugeuka, sisi tukiwa huku, saa tisa usiku. Chukua ujumbe uliotumwa saa saba usiku, usiku wa kuamkia Ijumaa: bibi atasema ni Ijumaa tangu magharibi, karani atasema ni Ijumaa tangu saa moja iliyopita, na daftari la redio litaandika bado ni Alhamisi, 22:00. Wote watatu wako sahihi. Ng'ambo ya ziwa, Kongo ya mashariki na Burundi, saa ya ofisi iko nyuma yetu kwa saa moja, na huko nako Kiswahili kinasemwa. Kwa hiyo katika ujumbe wowote wa miadi tumeagiza saa iandikwe kwa tarakimu nne pamoja na herufi UTC na tarehe, na maneno "usiku wa" yasitumiwe kabisa. Ni mara chache mfasiri wa Kiswahili hupiga marufuku usemi mzuri wa Kiswahili. Hapa hapana budi.

Lugha wazi

Kanuni za kimataifa zinakataza watu wa ridhaa kuficha maana ya maneno yao kwa siri za maandishi, isipokuwa katika mambo machache kama uongozaji wa setilaiti. Lugha iwe wazi. Mwanafunzi mmoja, mwenye asili ya pwani, aliuliza: je, fumbo limekatazwa? Swali halikuwa la mchezo. Mtu anaweza kuandika Kiswahili sanifu kila neno, na bado wasioijua habari wasielewe kitu. Jibu tulilolitoa ni kwamba kinachokatazwa ni maandishi yaliyofungwa kwa ufunguo wa siri walio nao wawili tu. Usemi ambao mtu yeyote mwenye lugha aweza kuufikiri haumo. Hivyo tumeandika "maandishi yaliyofungwa" na si "mafumbo", ili mtu asije akashtakiwa kwa kusema kwa methali. Kadhalika, kwa kuwa hakuna siri, habari za mgonjwa hazifai kutajwa pamoja na jina lake. Kila mwenye redio kutoka Kigoma hadi ng'ambo ya bahari aweza kuzisoma.

Ucheleweshaji nao ni wa kuzingatia. Programu hizi hubana maneno kwa kutumia orodha zilizotungwa kwa lugha za wenzetu, hivyo sentensi ya Kiswahili, yenye vitenzi virefu vilivyobeba kiima, wakati na yambwa kwa pamoja, hutumia vipindi vingi zaidi. "Hawajatuletea" ni neno moja kwetu, na kwa mashine ni mfululizo wa herufi. Wapo waliopendekeza vifupisho. Mwandishi anasita, vifupisho vya telegramu za zamani viliokoa senti na kuzaa ugomvi.

Neno moja limebaki bila kukatwa. Tumeandika "namna ya utumaji" kote, na ni refu. Kulikuwa na pendekezo la "mtindo", lakini mtindo una harufu ya nguo. Vijana wenyewe, bila kumwuliza mtu, wanasema "modi", wingi "modi", na wanaelewana nalo vizuri. Karatasi iliyo ukutani darasani ina "namna ya utumaji" iliyopigwa chapa, na juu yake, kwa kalamu ya wino mwekundu, mtu ameandika "modi".